Sentimita Sita za Akiba

Sehemu ya tisa

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye korido ya hospitali, mimi na mume wangu, tukimsubiri daktari wa mifupa. Mnakumbuka: binti yetu wa miaka kumi na mitano, ambaye ukoo mzima unamwita Panzi, alianguka kutoka ufito wa juu Jumamosi asubuhi, kwenye mchujo wa jimnastiki, akafikia mkono. Mnakumbuka pia nilivyowaambia kwamba kocha ndiye aliyemponza mwanangu kwa kupanga vibaya zile fito mbili wanazorukia.

Niliwadanganya.

Anayetaka kunitukana anitukane, sina pa kujificha. Ila anisikilize kwanza, maana leo naitapika yote.

Mimi ni fundi cherehani. Nguo za mashindano za klabu nzima, wasichana kumi na tisa, zinapita mikononi mwangu. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi kocha akitaka kujua nani amerefuka, ananiita mimi. Mimi napima na kutaja namba, yeye anaandika kwenye daftari lake lenye jalada jekundu. Dakika ishirini tumemaliza.

Kocha huyu ni mwanamke wa rika langu, alikuja kwetu mwezi wa kwanza. Daftari jipya, sheria mpya. Kubwa kuliko zote ilikuwa hii: msichana akirefuka sentimita mbili ndani ya mwezi mmoja, haruhusiwi kugusa fito kwa miezi mitatu.

“Mwili unaorefuka haraka haujijui,” alituambia wazazi. “Ni kama mtu aliyehamia nyumba mpya, anajigonga kila kona. Sitaki mtoto ajigonge akiwa juu.”

Wazazi wenzangu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Wiki ile ile nilikuwa nimempima Panzi sketi ya shule. Vifundo vya miguu nje, sweta imeishia katikati ya mkono. Mtoto alikuwa anachomoka! Na mchujo ulikuwa unatusubiri mwezi wa tisa. Miaka tisa ya kuamka alfajiri, ya chaki viganjani na plasta na machozi, halafu yote iishe kwa sababu ya mifupa kurefuka? Nilisema haiwezekani. Nilisema kwa sauti, peke yangu, mbele ya cherehani.

Sasa, fundi yeyote anayeshonea watoto anajua la kufanya. Humkatii mtoto gauni la kimo cha leo. Unakata kubwa, unakunja ndani, unamwachia akiba. Akikua unafumua mshono mmoja, unashusha. Gauni ni lile lile, mtoto ndiye anayelifikia.

Basi na mimi nikamkatia mwanangu kimo.

Siku ya kipimo cha kwanza Panzi alisimama ukutani, fundo la nywele nimemfunga juu kabisa utosini ili aonekane mrefu. Tepu ikasoma mia moja hamsini na moja. Nilimtazama kocha machoni, sikupepesa.

“Mia moja hamsini na saba,” nikasema.

“Mh! Mrefu huyu,” kocha akasema, akaandika.

Panzi alinitazama. Alikuwa ameiona tepu. Nilimfinya bega kidogo, akanyamaza.

Mwezi wa pili nikataja hamsini na saba. Wa tatu, hamsini na saba. Wenzake wawili walirefuka wakaondolewa kwenye fito, mama zao wakalia mpaka wakavimba macho, mimi nikawapa pole. Ndiyo, niliwapa pole. Kocha akawa anamsifu mwanangu: “Mwili uliotulia ndio huu.” Nami nyumbani nafumua mshono, nashusha vazi lake la mashindano kidogo, narudishia. Mara tatu nimefanya hivyo, na kila mara Panzi mwenyewe amesimama mbele ya kioo nikimpima.

Kitu ambacho sikukifikiria, na hapa ndipo ninapojilaani, ni kwamba daftari lile halikuwa la kumbukumbu tu. Kocha alikuwa analitumia kupanga nafasi kati ya ufito wa juu na ufito wa chini. Msichana mrefu, fito zinaachana. Mwanangu wa hamsini na moja akawa anarukia pengo la msichana wa hamsini na saba. Anaudaka ufito kwa ncha za vidole, kiganja kinavutwa, kutwa nzima, mara hamsini, mara sitini.

“Mama, ufito uko mbali,” aliniambia mwezi wa tatu.

“Nyosha mwili, mwanangu.”

“Mkono unaniuma hapa, kwenye kifundo.”

“Nitakukanda.”

Nikamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Nikamfunga bandeji. Nilijua kabisa kinachomuuma, halafu nikamfunga bandeji.

Kisha mwezi wa nane nikaugua, nikashindwa kwenda klabuni, na kocha akapima mwenyewe. Niliposikia habari hiyo nilikaa kitandani nikihesabu dakika. Panzi aliporudi alisimama mlangoni, begi begani.

“Amenipima,” akasema.

“Ikawaje?”

“Hamsini na saba. Kamili.”

Jamani, nilicheka! Niliruka kitandani na homa yangu nikamkumbatia. Alikuwa ameshakua, ameufikia uongo wangu, umemkaa sawasawa. Nikajiambia yameisha, sasa hakuna uongo tena, kilichoandikwa ndicho kilichopo. Mwezi mmoja baadaye mwanangu alikuwa ananing’inia ufito wa juu mbele ya waamuzi, na kiganja chake cha kushoto kikaachia.

Sasa turudi hospitali. Ni Jumatatu, saa nne asubuhi. Uvimbe umepungua, daktari ameingia na picha za mifupa. Chumba kina vitanda viwili na kimoja kitupu. Panzi amelala, mkono kwenye mto, uso mweupe kwa chaki ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta tangu Jumamosi. Baba yake yuko dirishani. Na mlangoni, hajui aingie au aondoke, kocha, na daftari lake jekundu kifuani.

“Huyu anatafuta nini hapa?” mume wangu akauliza.

“Baba Panzi, nimekuja kumwona mtoto.”

“Ungemwona Jumamosi kabla hujampangia fito.”

Kocha aliinamisha kichwa. Kamati ilikuwa imeshamsimamisha kazi. Macho yalimwiva kwa kulia, na mimi niliyesababisha nilikuwa nimekaa pale pale nakunja na kukunjua tepu yangu mapajani. Ninatembea nayo shingoni kama wengine wanavyotembea na miwani.

“Nimemwita mimi,” daktari akasema. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyependa kelele. “Nasikia klabu yenu inaandika vimo vya watoto kila mwezi. Nataka kujua huyu amerefuka kiasi gani mwaka huu.”

Kocha akafungua daftari, kidole kikashuka ukurasani.

“Hajarefuka, daktari. Hamsini na saba tangu mwezi wa kwanza. Hajaongezeka hata nukta.”

“Una uhakika?”

“Anayepima ni mama yake, fundi. Na mwezi wa nane nimepima mwenyewe, ikawa ile ile.”

Daktari akanigeukia. “Ni kweli, mama?”

Ningesema nini? Baba yake yuko pale. Kocha yuko pale. Sikujua swali lile lina uzito gani. Nilidhani ni maswali ya kujaza fomu.

“Ni kweli,” nikasema.

“Vizuri. Basi tunaweka chuma na skrubu, leo hii.” Akampa mume wangu karatasi, mume wangu akasaini akiwa amesimama.

“Daktari,” Panzi akasema kutoka kitandani, “nitarudi lini kwenye fito?”

Daktari akacheka kidogo, akavuta stuli. “Panzi kweli wewe. Mkono ukishikwa na skrubu, miezi miwili unaanza mazoezi mepesi.”

“Kuna mchujo wa pili baada ya miezi mitatu. Wa majeruhi.”

“Utauwahi, kama mkono utakubali. Sasa sikia una bahati gani. Hapa karibu na kiganja kuna mahali mfupa unapokulia, na ndipo ulipovunjika. Ungekuwa bado unakua nisingethubutu kupitisha skrubu hapo. Ningeziba upande mmoja, upande wa pili ukaendelea kurefuka, na mkono ungepinda mwaka hadi mwaka. Ningetumia waya laini na plasta ngumu ya kufungia mfupa, na fito ungezisahau mwaka mzima. Lakini wewe umeshamaliza kukua.”

Sikumbuki kama nilisimama au nilisukumwa na kitu. Nakumbuka tepu ilianguka sakafuni.

“Hajamaliza,” nikasema.

“Nini?”

“Hajamaliza kukua. Daktari, usimwekee skrubu. Mwezi wa kwanza alikuwa hamsini na moja. Mimi ndiye niliyetaja hamsini na saba. Amerefuka sentimita sita, na bado anarefuka!”

Kisha mume wangu akaja, akanishika mkono taratibu, kama mtu anayemshika mgonjwa.

“Mama Panzi. Kaa chini.”

“Sikai! Nimesema uongo miezi minane. Kocha hana kosa. Fito zilikuwa mbali kwa sababu yangu, kiganja kimeharibika kwa sababu yangu!”

“Daktari, mke wangu tangu Jumamosi hajatia kitu mdomoni,” mume wangu akasema. “Jana nzima anasema hataki kuziona tena fito maishani mwake. Sasa ameona njia ya kumtoa mtoto kwenye mchezo. Mama Panzi, unamzulia mtoto jambo ili asirudi? Mtoto wako mwenyewe?”

Nilimgeukia kocha. Huyu, nilijiambia, ataniamini. Huyu maneno yangu yanamsafisha. Akiniamini anarudishiwa kazi yake kesho.

Kocha alikuwa analia.

“Mama Panzi, Mungu akubariki,” akasema. “Umenionea huruma. Lakini usijitwishe kosa langu. Mimi nilimpima kwa mikono yangu. Nimezoea watoto miaka mingi, ningejua kama mtoto amerefuka sentimita sita. Kosa la fito ni langu, nimelikubali.”

Jamani! Mmewahi kuungama na watu wakakataa dhambi yenu? Nilitaka kucheka, nilitaka kupiga kelele. Miezi minane nasema uongo, hakuna aliyetikisa kichwa. Siku nimesema kweli, naambiwa nikale.

“Mpime!” nikamwambia daktari. Nikaokota tepu. “Mpime sasa hivi!”

Akampima palepale kitandani, kwa utaratibu, kisigino mpaka utosi.

“Hamsini na saba na nukta kidogo,” akasema. “Kama daftari linavyosema, mama.”

Bila shaka. Nilikuwa nimekikata kimo kile vizuri mno.

“Picha hazionyeshi?” mume wangu akauliza.

“Picha zinaonyesha mstari mwembamba pale mfupa unapokulia, kwenye mikono yote miwili. Kwa wasichana wa mazoezi makali mstari huo unaweza kunidanganya, ukabaki hata kukua kumekwisha, ndiyo maana niliomba daftari.” Daktari akavua miwani. “Mama, nikuelewe. Robo saa iliyopita uliniambia hajakua. Sasa unaniambia amekua sentimita sita. Nishike lipi?”

“Hili la sasa.”

“Waya nao una hatari zake. Mfupa umevunjika vipande, waya usiposhika, kiganja hakitajikunja tena. Siwezi kuchagua kwa kubahatisha. Kuna mwingine anayejua?”

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa ananitazama muda wote. Yeye aliiona tepu mwezi wa kwanza. Yeye alisimama mbele ya kioo mara tatu nikishusha mshono.

“Panzi,” nikasema. “Mwambie daktari.”

Panzi akalamba midomo iliyokauka.

“Sijakua, daktari,” akasema, kwa sauti ya adabu kabisa. “Nimekuwa hamsini na saba tangu nianze na kocha. Mama amechoka tu. Msimkasirikie.”

Hilo lilinichoma. Si kwa sababu alidanganya. Ni namna alivyodanganya. Hakuharakisha, hakugugumia, hata aliniombea msamaha.

“Mnapishana mno ninyi wawili,” daktari akasema, na sasa uso wake ulikuwa na mashaka. “Nina nusu saa kabla hawajaja kumchukua. Mama, una kitu chochote? Kadi, picha, chochote cha mwanzo wa mwaka?”

Na hapo ndipo nilipokumbuka.

“Nguo!” nikasema. “Vazi la mashindano! Alilovaa Jumamosi. Nimelishona mwezi wa kwanza, nimelifumua mara tatu. Sindano ikipita kwenye kitambaa kile inaacha tundu, halizibiki. Ligeuze ndani utaona mistari mitatu ya matundu, mmoja juu ya mwingine. Hata mtoto mdogo ataihesabu. Kila mstari ni sentimita mbili!”

“Liko wapi?”

“Manesi walilikata kwa mkasi Jumamosi wakampa kwenye mfuko. Mfuko uko hapa, chini ya kitanda!”

“Ukinionyesha hiyo mistari nasimamisha kila kitu,” daktari akasema. “Nakwenda kunawa. Nitapita hapa kabla ya kuingia.” Akatoka. Mume wangu akamfuata korido nzima akimwomba radhi kwa ajili yangu, na kocha akatoka nyuma yao akijifuta macho.

Tukabaki wawili.

Nilipiga magoti, nikavuta mfuko. Nikatoa suruali ya mazoezi. Nikatoa ngozi za viganja anazoshikia ufito, bado ngumu kwa chaki. Viatu. Vibanio vya nywele, kopo la maji, taulo. Nikageuza mfuko juu chini, nikaukung’uta.

Vibanio viwili vikaanguka. Basi.

“Unatafuta nini, mama?”

Nikainua kichwa. Panzi alikuwa amegeukia upande wangu, blanketi limefika kidevuni. Mkono mbovu kwenye mto. Mkono mzima sikuuona.

“Panzi, mwanangu. Nipe.”

“Nikupe nini?”

“Mkono utapinda. Umemsikia daktari. Utapinda mpaka ushindwe kushika kijiko. Nipe hiyo nguo.”

Kwa dakika moja alikuwa mtoto wangu tena, yule wa miaka sita aliyelala na viatu vya mazoezi mguuni.

“Mwaka mzima, mama,” akanong’ona. “Nikikaa mwaka mzima nimekwisha. Nitakuwa mkubwa. Nimevumilia mkono huu miezi sita, kila siku, kila siku, na sikusema, kwa sababu uliniambia ninyooshe mwili. Nikanyoosha! Sasa mara moja tu na wewe ninyamazie.”

“Nilikosea, mwanangu. Nilikosea mimi.”

“Hukukosea. Tulifika mpaka mchujo.”

Nikaweka mkono kwenye ukingo wa blanketi. Akalishikilia kwa ndani, nguvu zake zote za fito ziko kwenye ule mkono mmoja. Na nikivuta, ule mbovu unatikisika kwenye mto, naye anauma meno. Nikaachia. Nikajaribu tena, akaguna kwa maumivu, nikaachia tena. Namna gani mama anapigana na mtoto aliyevunjika?

Magurudumu yakasikika korido. Mlango ukafunguka, nesi akaingia na kofia ya kijani mkononi ya kumvalisha, na nyuma yake daktari, mikono ameshanawa, ameiinua juu.

“Haya, mama,” daktari akasema. “Umeipata?”

Nilikuwa bado nimepiga magoti, tepu shingoni, vitu vya mwanangu vimetapakaa sakafuni.

“Anayo yeye,” nikasema. “Iko chini ya blanketi.”

Daktari akamtazama Panzi. Panzi akamtazama daktari machoni, wala hakupepesa.

“Hakuna nguo, daktari,” akasema. “Waliitupa Jumamosi. Mimi mwenyewe nilimwambia nesi aitupe.”